Breki ya Vestina

Zilibaki siku tatu chombo Kipanga kiruke kwenda mwezini, na Osmund Tawete alikuwa hashikiki. Alihesabu bafuni, alihesabu akipiga mswaki, alihesabu akimsubiri muuza maziwa: kumi, tisa, nane, saba, mpaka moja, kisha akaanza upya kwa sauti nene zaidi. Nchi nzima ilikuwa imepagawa. Watoto walizaliwa wakaitwa Kipanga, na vinyozi wa Dodoma walikuwa na mtindo mpya wa Kipanga ambao, kusema kweli, ulikuwa upara tu. Mitambo ya kurushia chombo kule Kilwa ingejihesabia yenyewe, haikuwa na shida na binadamu. Ila redio ilitaka mtu wa kuwahesabia watu, na katika watangazaji wote waliokuwepo waliitaka sauti ya Osmund.

Ilikuwa ajabu, maana miezi tisa nyuma Osmund huyohuyo alisoma hewani habari ya maporomoko yaliyoua watu kumi na mmoja, na akaisoma huku akicheka. Si kutabasamu. Alicheka mpaka karatasi ikamponyoka. Moyoni alikuwa anasagika kwa huzuni, lakini tumbo lilikuwa na mambo yake. Alikuwa ametoka kuugua kiharusi. Mguu ulirudi, mdomo ulinyooka, kila mtu akasema ashukuriwe Mungu, kumbe kiharusi kilikuwa kimebakiza deni la aina yake. Kicheko na kilio vilimtoka vinapotaka vyenyewe. Kwenye harusi ya mpwa wake alilia kwa kwikwi mpaka bwana harusi akauliza pembeni kama kuna jambo anafichwa.

Daktari Nasra Kipingu ndiye aliyemweleza, na alimweleza kwa namna ambayo mtu aliyelelewa njia ya Iringa hawezi kuisahau. Alimuuliza kama amewahi kushuka mlima Kitonga kwenye lori lililokatika breki. Mashine ya kucheka na kulia, alisema, iko chini kabisa kwenye shina la ubongo. Amri ya kuiwasha na kuizima hutoka juu, nyuma ya paji la uso. Kiharusi kimekata waya wa katikati, kwa hiyo mashine inajiwasha yenyewe, na dereva juu anapiga kelele bila kusikika. Akamwonyesha ushanga mweusi mdogo, wa kupandikizwa nyuma ya sikio. Ushanga ule ungeweza kufunga breki.

"Lakini ushanga haujui msiba ni nini, wala harusi ni nini," Daktari Nasra alisema. "Lazima umuulize binadamu mwenye ubongo mzima. Kwa hiyo tunaweka shanga mbili. Mmoja kwako, mwingine kwa mtu wako. Ubongo wake ndio utakaokushikia breki."

Vestina, mkewe Osmund, hakungoja daktari amalize. Alivuta kalamu akasema aandikwe yeye, huyu bwana yeye ameshamshikia mengi. Kisha akacheka. Na kicheko cha Vestina Luvanda, jamani, hakikuwa cha chumba kimoja. Nyumbani kwao Kilolo alikuwa akicheka jikoni, anasikika mpaka mashine ya kusaga, na watu waliokuwa kwenye foleni ya unga wanaanza kucheka bila kujua wanacheka nini.

Breki ikafanya kazi. Osmund alirudi hewani, akacheka pa kucheka, akanyamaza pa kunyamaza. Na Vestina, wiki kwa wiki, kicheko chake kikapungua. Mtu akisimulia kisa cha kuvunja mbavu, yeye alisema, "Inachekesha," uso mkavu. Tusimpambe Osmund: aliona. Aliona, akauliza mara moja, akaambiwa ni uchovu, na lile jibu akalipokea haraka mno kwa sababu lilimfaa.

*

Simu kutoka Kilolo iliingia Alhamisi asubuhi, Vestina akipepeta mchele. Alisikiliza, akajibu "Haya, kaka," akaweka simu chini na kuendelea na ungo wake mpaka akautoa mchanga wote.

"Mama amefariki," akasema. "Funga madirisha, tunaondoka."

Osmund alikaa chini palepale sakafuni. Bibi Yustina alikuwa mama mkwe wake kwa miaka ishirini na sita, na ingawa heshima ya ukwe haikuwaruhusu kutazamana sana usoni, mama yule alijua kumpenda mtu kwa kumpitishia maneno kwa wajukuu. "Mwambieni yule Mngoni nimeficha ng'ombe wangu, asije akaniswagia." Osmund akamlilia. Machozi yalimtoka vizuri, kwa wakati wake, kwa kipimo chake, halafu yakakoma vizuri. Alipopangusa macho alimwona mkewe anakunja khanga nyeusi, uso mkavu kama sahani iliyotoka kabatini, na hapo ndipo alipoelewa ni breki ya nani iliyomwezesha kulia kistaarabu namna ile. Alipata aibu iliyomchoma kifuani.

Redio ilipopewa taarifa, mtayarishaji wa kipindi, Zamoyoni, alimpa pole na kumpa suluhisho kwa pumzi moja. Mazishi ni Jumamosi saa tano asubuhi, Kipanga kinaruka Jumamosi hiyohiyo saa tisa alasiri. Basi ahesabu akiwa hukohuko Kilolo. Kisanduku cha kurushia sauti kilitumwa kwa ndege isiyo na rubani, kikatangulia hata kabla ya wafiwa. Na Osmund, Mungu amsamehe, alipokiona kimetua uani kwa marehemu, moyo ulimruka kwa furaha.

*

Msiba wa Kihehe una kilio chake. Kila mwanamke akiingia hulia tangu njia panda, wenyeji wanampokea kwa kilio, na binti wa marehemu ndiye anayetakiwa kuongoza. Vestina aliketi mkekani, katikati ya wenzake, akatazama ukuta. Alipepesa macho, akajikuna, akauliza kama maharage yametosha. Siku ya kwanza walisema ni mshtuko. Ijumaa mchana walikuwa wameacha kusema ni mshtuko.

Osmund aliyasikia akiwa nyuma ya banda la jiko, alikokwenda kutafuta mtandao. Shangazi Leokadia, dada wa baba yake Vestina, mwanamke ambaye neno lake halirudi nyuma katika ukoo ule, alikuwa anawaambia wenzake kwa sauti ya chini kwamba mtoto asiyemlilia mamake ana jambo analijua. Bibi Yustina hakuugua hata siku moja. Kesho kaburini, alisema, kabla jeneza halijashuka, Vestina atasimama mbele ya watu aulizwe. Kila mtu pale alijua maana ya kuulizwa. Mtu aliyeulizwa kaburini hakupokelewa tena katika ukoo, hata akifa harudishwi nyumbani kuzikwa.

Osmund alimpigia Daktari Nasra. Daktari akafungua vipimo vya shanga zote mbili, akaeleza. Ubongo wa Vestina ulikuwa unafunga breki za watu wawili mchana kutwa, na sasa ulikuwa umezoea kufunga tu. Kilio kilikuwepo, kimejaa, hakikuwa na pa kutokea. Osmund akiushika ushanga wake kwa vidole viwili kwa sekunde tano, mawasiliano ya shanga yatakatika na Vestina ataachiwa palepale.

"Na kuunganisha tena?"

"Siku saba. Ubongo hauharakishwi."

Siku saba, na Kipanga kingeruka kesho. Alimwita mkewe pembeni, akamweleza yote, na ya Shangazi Leokadia akamweleza. Kwa kweli alitegemea Vestina ashtuke. Vestina alisikiliza huku akifunga vizuri fundo la khanga. Akasema anayajua ya shangazi, ameyasikia tangu asubuhi. Akasema Sabina, binti yao, fundi wa matangi ya mafuta ya Kipanga, hakuruhusiwa hata kuja kumzika bibi yake, na alichoomba ni kimoja tu: kumsikia baba yake akihesabu. Mama naye alikuwa amekitangazia kijiji kizima kwamba mkwe wake ndiye atakayekirusha chombo.

"Nilisaini mwenyewe, Baba Sabina, sikushikwa mkono," alisema. "Usiguse ushanga. Nimekukataza."

Akarudi mkekani. Osmund alibaki pale na kuku wawili. Mtu amekataza, tena kwa ulimi wake, tena akiwa na akili zake. Lakini anayekataza ni Vestina, au ni Vestina aliyefungwa breki? Na yeye Osmund, akimtii, anamheshimu mkewe au anajiheshimu mwenyewe na kumi-tisa-nane yake? Alilala na swali hilo, akaamka nalo, na usingizini, aibu iliyoje, alikuwa bado anahesabu.

*

Jumamosi saa tano kasoro jeneza lilikuwa mdomoni mwa kaburi, jeneza jepesi la nyuzi za uyoga linaloyeyuka ardhini kabla ya masika mawili kupita. Ila halikuweza kushuka kwa sababu kaburi lilikuwa na watu. Watani walikuwa wameingia. Wangoni watatu wa Kilolo, wakiongozwa na Mzee Gerold Nchimbi, dereva mstaafu mwenye tumbo la heshima, walikuwa wamelala ndani chali na kofia usoni. Mzee Gerold, kwa ule utani wa zamani kwamba Wahehe hula mbwa, alitangaza kutoka chini kwamba leo mbwa wote wa Kilolo wamepumua, adui yao mmoja amepungua. Wahehe wakacheka huku machozi yakiwatoka. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani, na bila yeye mazishi hayana chumvi.

Osmund alikuwa amekaa mbali, upande wa wakwe, ameinamisha kichwa inavyotakiwa. Alikuwa Mngoni pia, mtani kwa damu. Lakini mkwe ni mkwe, na mkwe hafanyi utani kwenye kaburi la mama mkwe.

Shangazi Leokadia akasimama. Vicheko vikakatika.

"Kabla hamjatoka humo, watani, ngojeni kidogo," alisema. "Vestina, njoo hapa mbele."

Vestina akaenda. Alisimama kwenye udongo mbichi, mikono ubavuni, uso mkavu, na watu mia tatu wakamtazama yule binti ambaye hakuwa ametoa chozi tangu Alhamisi. Shangazi alivuta pumzi ya kuuliza. Osmund alimwona mkewe akimeza mate, akaona kidole kimoja kinachezacheza kwenye pindo la khanga, kidole tu, mwili mzima ukiwa umefungwa. Mkono wake Osmund ukapanda wenyewe nyuma ya sikio.

Tano. Nne. Tatu. Mbili. Moja.

Ushanga ulipata joto, ukapoa. Halafu kicheko kikaja. Kilianzia chini ya kitovu, kikapanda, akakibana kwa meno, kikatokea puani, kisha kikapasuka. Hakikuwa na furaha hata punje. Alikuwa anamwogopea mkewe, anamlilia mama mkwe, na anacheka, anacheka mpaka akaanguka kwenye nyasi na kiti chake. Wakwe wote wakageuka. Mkwe anamcheka mama mkwe wake ambaye hata hajafukiwa. Mtu mmoja alishasogea na fimbo.

"Nani huyo anayecheka?" Mzee Gerold aliuliza kutoka kaburini, akiinua kofia. "Ni yule Mngoni wa redio? Mleteni humu. Nimechoka kulala na hawa wawili, wananikoromea."

Mzee Gerold hakujua lolote la shanga wala shina la ubongo. Alisikia Mngoni anacheka kwenye msiba wa Wahehe, na kwake hilo lilikuwa jambo la kawaida kuliko yote duniani. Vijana wakambeba Osmund mzobemzobe, wakamshusha kaburini, naye akicheka huku akijaribu kuwaambia kwamba hataki. Kadiri alivyokataa ndivyo alivyochekesha. Watu wakaangua kicheko, aliyeshika fimbo akaegemea fimbo yake, na Mzee Gerold akampigapiga bega akimsifu kwamba huu si utani wa kufundishwa, huu mtu anazaliwa nao.

Vestina alikuwa juu, ukingoni. Osmund, amelala chali kwenye udongo baridi, alimwona vizuri. Mdomo wake ulivutika upande mmoja. Kisha akacheka, kicheko kifupi chenye kutu, mara moja, mara mbili, akakishika kinywa kwa mshangao. Halafu uso wote ukaporomoka, akapiga magoti.

"Mama," alisema. "Mama yangu. Mama, mama."

Kilio kilichofuata sina namna ya kukieleza. Kilikuwa cha miezi minane kwa mkupuo. Wanawake waliopanga kumtenga walijikuta wamemzunguka, na Shangazi Leokadia, aliyekuwa na swali mdomoni, alilimeza swali lake, akamkumbatia mtoto wa kaka yake, wakalia pamoja mpaka vilemba vikawaanguka.

Mzee Gerold alingoja kilio kishuke kidogo. Kisha akakumbusha kwamba watani hawajapewa chao, na wasipopewa hawatoki kaburini. Jogoo wamekula jana, pombe ya ulanzi wamekunywa, hawavitaki. Marehemu alimwambia yeye binafsi kwamba mkwe wake atahesabu chombo kiruke. Basi wanataka hesabu. Kaka yake Vestina, akitaka mama azikwe jua halijapinda, alijibu haraka kwamba wamepewa. Na alichopewa mtani kaburini hakirudishwi. Osmund, amelala mle ndani, alifungua kinywa aeleze, kikatoka kicheko tu.

*

Baada ya mazishi Vestina alimkuta nyuma ya banda la jiko. Macho yalikuwa yamevimba, sauti imekauka, na alikuwa amekasirika. Alimpiga begani kwa ngumi ndogo, kwa nguvu.

"Nilikukataza."

"Ulinikataza."

"Ilikuwa yangu ya kuamua. Usinicheke."

"Sicheki," Osmund alisema, huku anacheka, mabega yakimruka. Alimwambia hana utetezi. Miezi minane alichukua bila kuuliza vizuri, leo amerudisha bila kuuliza kabisa, na yote mawili aliyafanya yeye. Ila angelazimika kuchagua tena, angeushika ule ushanga tena. Vestina alimtazama sana. Hakusema amesamehe. Alichukua ncha ya khanga yake, akampangusa udongo wa kaburi shingoni, akaondoka.

Saa tisa kasoro robo alimweleza Zamoyoni ukweli: hana breki. Zamoyoni akamwambia apumzike, wana sauti ya mashine tayari. Osmund alimwambia hawezi kupumzika, ameahidiwa kwa watani, na kuhusu watani Zamoyoni, Mnyamwezi mwenye watani wake mwenyewe, hakuhitaji maelezo. Alishusha pumzi. Alisema kidole chake kiko kwenye kitufe, na akiharibika anamkata, mashine inamalizia.

Kisanduku kiliwekwa juu ya kinu kilichopinduliwa. Watu mia tatu walisogea, wachimba kaburi na majembe yao, Mzee Gerold mbele kabisa kwenye kigoda, ametulia kabisa anangoja chake. Osmund, miaka yote ya redio, hakuwahi kuitaka dakika namna ile. Taa nyekundu ikawaka.

"Kumi," akasema, na sauti ikatoka safi, nene, ile yenyewe. "Tisa. Nane."

Kwenye saba furaha ilimjaa, na kilio kikaipokea. Aliisema saba akilia. Sita akailia. Machozi yalimchuruzika, mtu yeyote angedhani Kipanga kimelipuka, na yeye hakuwahi kuwa na raha kubwa kuliko ile. Tano ilikuwa kwikwi. Nne ilitoka na kicheko ndani yake. Watu walianza kuhesabu naye chinichini kumsukuma.

"Tatu," akasema. "Mbi... mbili."

Na koo likafunga. Alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Huko Dodoma kidole kilikuwa kwenye kitufe, na huko Kilwa binti yao alikuwa ameweka sikio kwenye redio. Mkono ukapita begani kwake, wenye udongo kwenye kucha, ukakivuta kipaza sauti.

"Moja," Vestina akasema, kwa sauti ya mtu aliyelia asubuhi nzima.

Mlio haukufika Kilolo. Kilichofika ni uzi mweupe mbali mashariki, juu ya milima, ukipanda na kupanda, na watu mia tatu wameinua nyuso. Osmund alikuwa bado analia na mdomo wazi. Vestina akamtazama, makamasi yamemshuka mpaka kidevuni, mtangazaji mzima wa taifa. Akacheka, kile kicheko chake cha kusikika mpaka mashine ya kusaga, hewani, nchi nzima ikisikiliza, na Zamoyoni hakukata.